Sauti ya Mdogo Wangu, Sura ya Mwingine

Sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia nyama kabla hujalisoma, sikulaumu. Hata mimi ningelifungia nyama. Kwa faida yako basi: mimi ndiye yule waliyekuwa wakiniita Kiwanda, mchoma CD mkubwa kuliko wote katika mtaa wa maduka ya muziki, enzi mtaa huo ulipokuwa na maduka ya muziki. Mashine yangu ilichoma CD kumi kwa mpigo. Waimbaji walinipigia magoti, na watangazaji walinisalimia kabla sijawaona.

Wakaja wezi wa kudurufu, nikapambana nao. Zikaja flashi, nikajiunga nazo. Ikaja simu, nikaisha. Wiki iliyopita niliishia pale nilipomuuzia mkulima mmoja CD zangu elfu nne za mwisho, akazitundika kwenye kamba shambani kutishia ndege. Nilimuuliza anataka za mwimbaji gani. Akanijibu, zinazong'aa.

Siku hizi nauza makava ya simu. Duka ni lile lile na rafu ni zile zile, ila pale palipokaa sauti za watu sasa pamekaa plastiki zenye picha za paka. Wateja nao ni wale wale, na kichwani mwao hamjaongezeka kitu.

Nilidhani nimeshafika chini kabisa. Kumbe chini kuna chini yake.

Jumatatu asubuhi aliingia dada mmoja kuchagua kava. Anachagua huku simu yake inaimba. Wimbo ukaanza, ukakatika. Ukaanza tena, ukakatika palepale.

"Mbona humalizi?" nikamuuliza.

"Simalizi nini?"

"Wimbo."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Si ndiyo huo umeisha? Sehemu ya kuchezea ni hiyo tu."

Nusu dakika! Watu walikesha studio siku nne, mpiga gitaa akapasuka ukucha, ili huyu aonje nusu dakika kama anaonja chumvi ya mchuzi. Zamani mtu akinunua wimbo alirudi nao nyumbani, akauweka kabatini, akawatambia wageni. Leo bando likiisha na wimbo umeondoka, na mwenyewe haoni kama ameibiwa.

Ila sikupata nafasi ya kukasirika vizuri. Sauti ile niliijua.

"Hebu nione huyo anayeimba," nikasema.

Akanigeuzia simu. Mwanamke wa makamo, miwani ya jua ndani ya nyumba, anatikisa mabega.

"Huyu mama noma sana," akasema yule dada. "Wimbo wake wa zamani umefufuka. Watu milioni mbili washausikiliza."

Milioni mbili, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyefika ubeti wa pili.

Yule kwenye simu ni Mrembo wa Kava. Jina hilo nilimpa mimi miaka kumi na saba iliyopita, nilipompiga picha kwenye ngazi za benki na kuiweka mbele ya albamu iliyouzika kuliko zote. Sura ni yake. Sauti ni ya mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Najua unavyoniangalia. Subiri kwanza, hujasikia bado.

Mdogo wangu alikuwa na sauti ambayo wapishi walikuwa wakiacha kukoroga sufuria kuisikiliza. Alikuwa pia na tezi shingoni, uvimbe wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Albamu ilipokamilika nilimwita nikamwambia, "Mdogo wangu, watu wa redio wameiona picha yako. Wamesema hawataipiga albamu yenye shingo ile. Tuweke sura nyingine."

Alilia siku moja, kisha akakubali. Akarudi kwenye cherehani yake kushona sare za shule. Mrembo wa Kava akawa anapanda jukwaani, anafungua mdomo na kufumba, CD inaimba nyuma ya pazia. Miaka mitatu baadaye mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa tezi. Shingo ikanyooka, sauti ikaondoka. Leo akiongea ni kama mtu anayekwaruza sufuria iliyoungua.

Jumanne alikuja dukani na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Za cherehani?"

"Cherehani haijambo. Umemsikia mwenzetu redioni? Mimi nimesimuliwa."

Nilimsikia. Nani hakumsikia? Mrembo wa Kava alimwambia mtangazaji kwamba wimbo ule aliutunga mwenyewe, dirishani, mvua inanyesha, baada ya kuachwa na mchumba. Mvua! Tulirekodi wakati wa kiangazi, maji yamekatika mtaa mzima, na mdogo wangu aliyatunga maneno yale huku akitia vifungo kwenye mashati ya wanafunzi.

"Mwache aongee," nikasema. "Wapumbavu wanahitaji hadithi."

"Kaka, mimi nimemwachia miaka yote hiyo. Hela alizopata, mwache ale. Shida ni binti yangu."

"Kafanyaje?"

"Alikuwa anaucheza huo wimbo ndani. Nikamwambia, mwanangu, hiyo sauti ni yangu. Akacheka. Kisha akaniona sicheki. Akasema, 'Sawa, mama.'" Mdogo wangu akaikunja tepu na kuikunjua. "Ungesikia alivyolisema hilo sawa. Kama unavyomwambia kichaa wa stendi. Ana miaka kumi na tatu, hajawahi kunisikia nikiimba hata siku moja. Nitamwimbia na nini sasa?"

Nikawa napanga makava yaliyokwisha kupangwa.

"CD mama unayo?" akauliza.

CD mama ndivyo tulivyoiita ile ya kwanza, inayotoka studio, ambayo nyingine zote huzaliwa kutoka kwake. Hiyo hatuiuzi wala hatuiazimi. Mchoma CD anayepoteza CD mama ni sawa na mchungaji aliyesahau njia ya zizini.

"Ninayo," nikasema kwa majivuno. "Lini uliona mimi nikapoteza kitu?"

"Mwishoni, baada ya wimbo wa kumi, fundi mitambo alisahau kuzima. Tunaongea mimi na wewe. Mimi nakwambia nirudie ubeti, wewe unanijibu. Nakumbuka tulicheka sana ulipotuchezea. Nimempigia mtangazaji, yule yule wa zamani. Amesema Jumamosi saa nne asubuhi tuje nayo, aipige hewani. Na huyo mwenzetu ataitwa." Akasimama. "Sitaki kingine, kaka. Binti yangu asikie mara moja tu."

Alipoondoka nikaanza kutafuta ufunguo wa duka. Kwa sababu mdogo wangu alikumbuka nusu tu ya yaliyomo mle mwishoni. Nusu ya pili hakuwepo chumbani ilipotokea, na mimi sikuwahi kumchezea.

Nilifunga duka mchana kweupe nikaenda nyumbani. CD mama ilikuwa kwenye bati la biskuti, juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, haina hata mkwaruzo.

Hapa inabidi niseme jambo la kazi yetu. Wachoma CD wa mtaani waliandika juu ya CD kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kuku. Niliwacheka mpaka nikatokwa machozi. Mimi, mtu wa heshima, nilikata karatasi duara, nikachapa maandishi ya dhahabu, nikaipaka gundi na kuibandika karibu uso mzima kwa mkono wangu. Gundi ya viatu, maana niliitaka ishike milele.

Ilishika kweli. Nilipoigeuza CD dirishani niliona mwanga ukipenya. Matundu, tena mengi. Gundi ilikuwa imekula ule ung'avu kutoka juu, taratibu, miaka kumi na saba, na ilianzia karibu na ukingo nilikoipaka nene; ni uzi mwembamba wa mwisho kabisa tu ambao karatasi haikuufikia. Sasa CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Kilicho mwisho wa albamu kiko ukingoni.

Zile za wale wenye mwandiko wa kuku, nasikia, zinaimba mpaka leo.

"Unatafuta nini juu ya kabati kama panya?" mke wangu akaingia.

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Akatoa redio yetu ya CD chini ya kitanda, kwa maana mimi niliyeuza mamilioni ya CD sikuwa na mashine nyingine ya kuipiga hata moja. Kifuniko hakikufunga. Akakikandamizia pasi.

Nyimbo zilipiga. Ya nane ilikwama mara mbili ikaendelea. Ya kumi ilikohoa lakini ikafika. Kisha kimya, halafu ikaja sauti ya mdogo wangu, ile ya zamani, "Kaka, nir..." ikakatika. Trrr. "...beti wa..." Trrr. Trrr. Basi. Palipobaki ni makwaruzo matupu. Sehemu yake yote ilikuwa imeliwa.

Nakuambia ukweli, moyo ulitulia. Nilinyoosha mkono kuizima.

"Ngoja," mke wangu akasema.

Makwaruzo yakaisha. Nikasikia mlango ukifungwa, mdogo wangu ametoka. Nikasikia mtu akikohoa. Kisha sauti yangu, safi, haina hata doa, kana kwamba nimerekodiwa juzi:

"Sauti ya mdogo wangu tumeipata, tena haina mfano. Lakini lile shingo tutalificha wapi? Watu watadhani tunauza bata mzinga. Nitafutie kibinti cha kuweka kwenye kava. Huyu nitamwambia watu wa redio wamemkataa."

Fundi mitambo akacheka. Mimi nikacheka. CD ikaisha.

Mke wangu aliitoa pasi juu ya redio akaiweka chini polepole. Nilikaa tayari kwa lolote.

"Kwa hiyo watu wa redio ni wewe," akasema.

"Ilikuwa biashara. Hukuwepo kwenye biashara."

"Miaka kumi na saba wifi yangu hafungulii ile redio. Akisikia mlio wake anahama duka. Kumbe anawachukia watu wasiomtenda kitu, na wewe unakula kwake sikukuu zote."

"Usipige kelele, majirani."

"Wewe si mwanamume," akasema bila kelele yoyote. "Wewe ni kava. Ukifunguliwa, ndani hamna kitu."

Nikairudisha CD kwenye bati, yeye akaanza kukunja nguo.

Basi ona nilivyotegwa. Ushahidi wa mdogo wangu umeliwa na gundi yangu. Kilichobaki kinathibitisha kila kitu, kwamba sauti ni yake na kibinti ni wa kava, ila kinathibitisha kwa kinywa changu. Nikiipeleka CD, binti atamwamini mama yake, na mama yake atajua kaka yake ni nani. Nisipoipeleka, mdogo wangu anabaki kichaa wa stendi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mtu mwenye utu angechagua kwa dakika moja. Mimi nilichukua siku nzima, na nikachagua vibaya.

Jumatano alikuja Mrembo wa Kava mwenyewe. Gari ilisimama nusu barabarani, akashuka na ile miwani yake.

"Kiwanda! Bado upo hai?"

"Kama unavyoniona."

"Unauza makava." Akacheka. "Umerudi kwenye kazi yako."

"Una shida gani?"

Akavua miwani. Macho yalikuwa yamechoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu. "Redio wamenipigia. Sasa nisikilize. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nauza vocha pale nje ya benki. Wewe ndiye uliyenifuata. Ukanifundisha kufungua mdomo na kufumba, ukanipiga na rula nilipokosea. Sikumwibia mtu sauti, nilivalishwa. Ukinivua hadharani, nami nitasema nani alinivalisha na kwa nini. Fundi wako wa mitambo aliniambia yote siku ileile, huku anacheka."

"Unanitisha?"

"Nakukumbusha. Sema CD imekufa. Mimi nitaendelea kutikisa mabega mpaka wanichoke, mwezi hauishi watanichoka. Wewe utaendelea kuitwa kaka."

Nilimdharau sana mwanamke yule. Nilidharau miwani yake, mvua yake ya uongo, na namna alivyosimamisha gari. Kisha nikafanya kama alivyosema, neno kwa neno.

Nilimpigia mdogo wangu simu. "Mdogo wangu, habari mbaya. CD mama imekufa. Imeoza, haisomi kabisa."

Nilisikia cherehani ya jirani yake ikienda.

"Haya kaka," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Kama imekufa imekufa. Pole, najua ulikuwa unaipenda."

Alinipa pole mimi!

Ijumaa jioni narudi nyumbani, nakuta viatu vyake mlangoni. Wamekaa sebuleni, yeye na mke wangu, na bati la biskuti liko wazi juu ya meza.

"Wifi kanipa," akasema mdogo wangu, uso wote unang'aa. "Anasema haijafa, imejeruhiwa tu. Anasema sehemu yangu imeharibika lakini kuna mahali unanitaja, na mtu yeyote akisikia ataelewa. Kweli kaka?"

Nikamtazama mke wangu. Akanitazama vilevile.

"Nilimwambia asisikilize hapa," mke wangu akasema. "Nikamwambia kuna jambo la mwisho, utamweleza mwenyewe kwa kinywa chako. Njia ya mwongo ni fupi, baba. Usiku mzima unao, na asubuhi pia."

"Jambo gani?" mdogo wangu akauliza.

"Ah, mambo ya mitambo," nikasema. "Nitakueleza njiani."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa miguu, ni mwendo wa nusu saa. Nilimweleza kuhusu gundi. Nilimweleza namna CD inavyosomwa. Nilimweleza jinsi simu zilivyoua kazi yetu na jinsi vijana wasivyojua hata mpiga ngoma ni nani, mpaka yeye akasema, "Kaka, leo una maneno!" Getini nilifungua mdomo, mlinzi akatuomba vitambulisho. Kwenye ngazi nilifungua tena, akanishika mkono nisijikwae, maana niliona giza.

Studio ilikuwa chumba cha sponji na kioo, baridi kama ghala la samaki. Mtangazaji ni yule yule niliyekuwa nikimpelekea CD, ila nywele zimekuwa nyeupe. Aliinuka akamsalimu mdogo wangu kwa mikono miwili. Mimi alinipa mmoja.

"Mwenzenu hakuja," akasema. "Ametuma ujumbe kwamba ana mafua."

Mashine ya CD ilikuwa imetolewa stoo asubuhi ile na bado ina vumbi. Nilimwona akiipangusa kwa mkono wa shati, na nikaiombea ife. Ikawaka taa ya kijani bila shida yoyote.

Tukaingia hewani. Mtangazaji akaeleza habari, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Mama, kabla hatujasikiliza. Watu wanauliza. Kama sauti ni yako, kwa nini hukutokea kwenye kava?"

Mdogo wangu akasogea karibu na maiki. Mikono yake ilikuwa imetulia. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, lenye shingo wazi, na kovu la upasuaji linaonekana.

"Nilikuwa na tezi, baba," akasema. "Si ninyi mlinikataa? Mlisema shingo yangu itawaogopesha wasikilizaji. Niliwachukia sana. Lakini leo mmenikaribisha, mmenipokea vizuri. Nimewasamehe."

Mtangazaji akakunja uso. "Sisi?"

"Ninyi watu wa redio."

"Mama yangu, redio haina macho. Mwimbaji awe na shingo, asiwe na shingo, sisi inatuhusu nini? Kaka yako alituletea CD ina picha ya yule binti. Hatukuwahi kuona picha yako. Hatukuwahi kuambiwa kama upo."

Sponji za ukutani humeza sauti yote, nadhani unajua. Nilisikia damu yangu ikitembea masikioni.

"Labda alikuwa mtu mwingine hapa ofisini," mtangazaji akaongeza haraka, kwa kuwa alishaona uso wa mdogo wangu unavyobadilika. "Haya, tusikilize wimbo wa mwisho wa albamu, na mazungumzo yaliyofuata."

Akabonyeza. Taa nyekundu ikazimika, maiki zikafungwa, wimbo wa kumi ukaanza.

Nilisahau jinsi ulivyo mzuri. Ulikohoa hapa na pale, lakini sauti ile ilijaa chumba chote, na hata fundi mitambo wa redio upande wa pili wa kioo aliacha kuandika. Mdogo wangu hakuisikiliza. Alikuwa amenigeukia, na alinitazama mpaka wimbo ukafika ubeti wa mwisho.

"Kaka."

"Naam, mdogo wangu."

"Binti yangu anasikiliza. Nimemwachia redio juu ya cherehani." Akameza mate, nikaliona kovu likipanda na kushuka. "Nani alisema maneno yale kuhusu shingo yangu?"

Wimbo ukaisha. Baada ya wimbo kuna sekunde kumi za kimya. Kisha dakika nzima ya makwaruzo. Kisha mlango. Kisha mimi. Hesabu hiyo naijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa na dakika moja na sekunde kumi za kumwambia mwenyewe, macho kwa macho, kabla spika haijaniwahi. Maiki zimefungwa. Wangesikia watu wawili tu, yeye na mtangazaji.

Makwaruzo yakaanza. Yakaendelea. Mdogo wangu alikuwa bado ananingoja, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa bado unataka niseme kitu cha kuniokoa.

Mlango ukafungwa ndani ya spika.

Nikafungua mdomo.

"Ni watu wa redio, mdogo wangu," nikasema. "Walikuwa wengi."

Mtangazaji akakigeuza kiti chake chote kunitazama, na juu ya vichwa vyetu, katika kila nyumba iliyokuwa imefungua redio saa ile, nikasikika nikikohoa.